Mshahara wa Mignonne Ulivyotushinda

Benchi letu liko mlangoni mwa kinyozi, kando ya barabara ya Chaussée d'Ixelles hapa Bruxelles, Ubelgiji, na hapo kila mtu anajua kila kitu. Donatien tunamwita Waziri, kwa kuwa aliwahi kuwa dereva wa waziri mmoja kule Goma. Hilaire ni Maître, yaani wakili, maana alisoma sheria mwaka mmoja na nusu. Ijumaa hiyo mchana Mignonne, binti tunayempenda sote, alikuja na barua ya ajira na uso wa kulia. Amemaliza uhandisi, kazi ameipata, na kadi yake ya ukaazi, ile ya mhitimu anayetafuta kazi, inaisha baada ya siku kumi na mbili. Ila amesoma mtandaoni kuwa mgeni hapewi kibali cha kazi kama mshahara haufikii kiwango cha serikali. Nilimmiminia kahawa, tukaanza kumsaidia, Mungu atusamehe.

Waziri: Bon, mutoto, uko na miaka ngapi?

Mignonne: Makumi mbili na munane, tonton.

Waziri: Njo muzuri! Batoto ya chini ya miaka makumi tatu, kiwango yabo inashuka.

Maître: Ile ni ku Flandre. Huku Bruxelles ni ingine. Ahamie Vilvoorde, kule ni Flandre.

Mignonne: Lakini bureau ya kazi iko Laeken, huku Bruxelles, Maître.

Maître: Alors alale Vilvoorde, atumike kazi Laeken. Banapiga moyenne, njo wastani.

Mimi: Moyenne ya nini?

Maître: Ya régions zote mbili, Flandre na Bruxelles!

Waziri: Na munasahau chèques-repas, zile bon za chakula. Mu Goma, mushahara ni yote patron, mwenye kazi, anakutolea: nyumba, transport, gunia ya muchele. Aongeze na ile vélo, baisikeli bamemuandikia mu barua.

Maître: Vélo haiingie mu brut, mushahara mbele ya kodi. Inaingia mu net, ile ya nyuma ya kodi, sababu unaipanda nyuma ya kazi.

Nilitikisa kichwa kukubali. Sikuwa nimeelewa hata neno moja.

Waziri: Donc apunguze mushahara! Serikali itasema, huyu haiko anaiba kazi ya Babelge.

Mignonne: Tonton, tupunguze tena?

Hapo akafika Abigaël, anayetunza wazee Molenbeek, ametoka zamu na viatu vyake vyeupe. Alisikiliza kidogo tu.

Abigaël: Mignonne, patron alisema nini juu ya permis, kile kibali? Si njo yeye anatuma dossier ya kuomba ku serikali?

Maître alimtazama Waziri. Waziri alitazama kikombe. Mignonne akaikunja barua mara mbili.

Mignonne: Sijamuambia kama niko mugeni, dada. Ku mahojiano ya kazi alisifu Kiholanzi yangu, akasema inaonekana nilizaliwa huku. Nikamuacha aamini vile. Nilikuwa naogopa.

Saa nzima tulimpigia kelele huyu mtoto, na hakuna aliyemuuliza hilo. Niliona aibu.

Mignonne: Nikimuambia leo, atanipa kazi bado?

Abigaël alimshika mkono, wakaenda kando na simu kumpigia patron.