Maman Minna, Aliyewasemesha Askari

Maman Wilhelmine Thode, ambaye wote tulimwita Maman Minna, alizaliwa tarehe 3 Machi 1919 mjini Hamburg, Ujerumani, mtoto wa pekee wa Papa Karl, mpakuzi wa meli, na Maman Frieda.

Alisoma hadi miaka kumi na minne tu. Mwaka 1933 Wanazi walipochukua utawala, walimkamata baba yake kwa sababu alikuwa mkomunisti, akafia gerezani. Shuleni Minna alikataa kuinua mkono kwa salamu yao, akafukuzwa. Alijifunza kushona, na kwa siri akaingia katika chama cha baba yake.

Mwaka 1937 alivuka mpaka kwa miguu karibu na Aachen, akafika Brussels, akafanya kazi za nyumbani kwa watu wa Ixelles. Vita vikamfuata huku huku. Wajerumani walipoiteka Ubelgiji, yeye na rafiki zake wawili walipewa na chama kazi ngumu: kukaa kwenye kafe na askari wa Kijerumani, kucheka nao kwa lugha yao, halafu kuwatilia mifukoni karatasi za kuwaambia waache kupigania Wanazi. Rafiki zake wote wawili walikamatwa mwaka 1943, wakauawa. Yeye alipona.

Septemba 1944 mji ulipokombolewa, majirani walimvuta nje, wakamnyoa kichwa kwa mkasi barabarani, wakamwita malaya wa Wajerumani. Tangu siku ile aliomba kitu kimoja: jina lake liandikwe pamoja na majina ya wale waliowapinga Wanazi. Chama kimoja cha wapiganaji wa zamani kilimjibu kila mara kwamba hana shahidi, na majirani walimwona na askari.

“Ndiyo, baliniona,” alikuwa akimwambia mkwe wake, Mujinga, huku akigonganisha sahani. “Kazi yenyewe ilikuwa ile. Nilipashwa kubasemesha nikiwa wapi, juu ya paa?”

Mwaka 1947 alifunga ndoa kwenye commune, ofisi ya serikali ya mtaa, na Papa Félix Claes, fundi wa tramu, aliyefariki mwaka 1988. Walipata mtoto mmoja, Constant, aliyekwenda kufundisha Lubumbashi na kurudi mwaka 1979 na mke wake Mujinga. Kiswahili chetu cha Lubumbashi Maman Minna alikijifunza jikoni kwa Mujinga, akiwa na miaka sitini. Hakumwamini Mungu. Familia, pamoja na mjukuu wake Hénock, ikifunga macho kuombea chakula, yeye aliyaacha wazi.

“Mufunge tu. Miye nachunga.”

“Maman, kuku imeisha kufa, haiendi fasi yoyote,” Mujinga akasema.

“Si kuku. Namuchunga Hénock.”

Mwaka 2008 Papa Onésime, jirani Mbelgiji, alikuja kunywa kahawa. Mwaka 1944 alikuwa kijana wa miaka kumi na sita. Alisema, kana kwamba anasema habari za mvua, kuwa marehemu mama yake ndiye aliyezificha karatasi za Minna chini ya makaa. Mujinga akaweka kikombe chini.

“Papa Onésime, basi twende ukaseme ile kwa chama ya wapiganaji.”

“Madame, ni zamani. Na mwenye kushika mkasi siku ile alikuwa baba yangu.”

“Najua alikuwa nani,” Maman Minna akasema. “Sikuulize mkasi, Onésime. Nakuuliza karatasi.”

Onésime alisema atafikiri. Amefikiri miaka minne.

Mwaka 2010 Maman Minna alianguka kwenye ngazi, akavunjika nyonga, kisha mapafu yakaanza kumsumbua. Mujinga alipomwomba ruhusa ya kumwombea, alijibu: “Omba, lakini pole pole, nasikiliza redio.” Siku za mwisho kengele ya mlango ikilia, aliuliza kama ni Onésime. Kila mara ilikuwa ni muuguzi. Alifariki nyumbani, Ganshoren, Jumatano tarehe 14 Novemba 2012, akiwa na miaka tisini na mitatu. Jina lake halijaandikwa.

Ameacha mtoto wake Constant, mkwe wake Mujinga, wajukuu Hénock na Keren, na kitukuu Emmanuella.

Papa Onésime ameahidi kuja kwenye maziko. Katika programu hii, baada ya wimbo wa pili, tumemwekea nafasi ya kusema, na tumewaalika watu wa chama kile waje wamsikie. Hakuna atakayemuuliza habari za mkasi.

Mungu ampokee Maman Minna, ampe kupumzika. Kungoja jina lake liandikwe, tutangoja sisi.