Mwenye Korido

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1967, saa nne asubuhi, katika chumba cha nyuma cha nyumba ambayo mmetoka kuiacha sasa hivi. Alikuwa mtoto wa tatu na wa mwisho wa karani wa bohari na mkewe, mshonaji. Waliomtangulia ni kaka yake, fundi seremala, na dada yake, muuza vitambaa. Wote wawili wapo hapa leo. Kama wamekaa mstari mmoja, basi wameacha viti katikati.

Baba yao alikuwa mtu wa kuandika kila kitu. Kuzaliwa kwa mtoto wa kwanza alikuandika nyuma ya daftari lake la bohari kwa wino mwekundu, pamoja na uzito. Wa pili aliandikwa kwa wino wa buluu. Wa tatu aliandikwa mwezi wa Agosti, kwa penseli, baada ya mama yao kuuliza mara tatu. Daftari lipo. Anayetaka kuhakikisha aje aone.

Alipofika umri wa shule hakuna aliyekumbuka kumpeleka. Januari 1975, akiwa na miaka saba na miezi kumi, alivaa sare ya zamani ya dada yake iliyomfika kwenye vifundo vya miguu, akawafuata watoto wa jirani, akaketi dawati la mwisho. Mwalimu akamwuliza, "Wewe ni mtoto wa nani?" Akajibu, "Wa nyumba ya karani." Mwalimu akasema, "Karani ninayemjua mimi ana watoto wawili." Naye akasema, "Basi mimi ni wa ziada." Darasa zima lilicheka, mwalimu naye akacheka, akamwandika. Kisa hiki alikisimulia mwenyewe mara nyingi akicheka. Waliokuwa wakimsikiliza hawakucheka wote.

Mwaka 1983 mama yao alipatwa na kiharusi, akapooza upande wa kulia. Kaka alikuwa na karakana yake, dada alikuwa ameolewa na ana duka. Marehemu ndiye aliyemwogesha mama kabla ya kwenda shule, na saa ya mapumziko alikimbia nyumbani kumgeuza na kumpa uji. Wakubwa walisema watashika zamu siku atakazochelewa. Zamu hizo hazikuandikwa popote.

Jumatano, tarehe 13 Novemba 1985, mama yao alijaribu kwenda bafuni peke yake. Alianguka, na hapakuwa na mtu ndani ya nyumba. Alikutwa amekwisha kufariki. Kabla hajazikwa, kaka alisema mbele ya watu kwamba zamu ile ilikuwa ya dada. Dada akasema ilikuwa ya kaka, na akaongeza maneno ambayo hayafai kuchapishwa. Kuanzia siku hiyo hawakusemezana. Katika kelele zote zile, hakuna hata mmoja aliyeuliza yule wa mwisho alikuwa wapi siku ile.

Mwaka uliofuata marehemu alianza kazi ya kufua na kupiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni. Aliifanya kazi hiyo miaka thelathini na sita.

Baba yao alifariki tarehe 22 Aprili 1988. Wakili alisoma karatasi aliyoiacha. Vyumba viwili vya mbele, madirisha yake, milango yake na misumari ya kutundikia nguo: mwanangu wa kiume. Vyumba viwili vya nyuma, rafu zake na kabati la vioo: binti yangu. Karatasi ikaishia hapo. Dada, ambaye ndoa yake ilikuwa imevunjika, alikuwa amesharudi kwenye vyumba hivyo vya nyuma na binti yake wa miaka minane. Marehemu, aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe, akauliza, "Na korido?"

Wakili akaigeuza karatasi, akaangalia nyuma yake. "Korido haikuandikwa. Na kile kistoo chake hakikuandikwa."

"Na mimi?"

"Na wewe hukuandikwa."

"Basi tumepatana. Nitaishi nayo."

Kaka yake alicheka mpaka akakohoa. Dada yake naye akacheka, akasema, "Kaa nayo, mama. Ukichoka kutazama kuta utatuambia." Ni kicheko ambacho wote wawili walikuja kukilipia, kwa sababu hakuna aliyekuwa amefikiri. Bomba na choo viko uani, nyuma, na kaka aliishi mbele. Mlango wa barabarani uko mbele, na dada aliishi nyuma. Hakuna aliyeweza kunawa uso wala kwenda dukani bila kupita kwenye korido ya mtu ambaye hawakumwona.

Marehemu alilala stoo. Koridoni aliweka meza ya kupigia pasi, na nafasi iliyobaki ilimtosha mtu mmoja kupita kwa ubavu. Sharti lake lilikuwa moja, na halikubandikwa ukutani kwa kuwa lilijulikana: hupiti bila kusalimiana.

"Nipishe," kaka alikuwa akisema, ndoo mkononi.

"Shikamoo, kaka."

"Nimesema nipishe, naenda chooni!"

"Marahaba ni neno moja tu. Ungekuwa umeshafika."

"Marahaba! Haya, umeshiba?"

"Ya leo ina chumvi kidogo, lakini nimeipokea. Pita."

Dada alijaribu kupita kimya, pua juu, mkoba kwapani. Marehemu aliacha pasi, akasimama mbele yake, akangoja. Siku moja walisimama hivyo mpaka duka la dada likachelewa kufunguliwa kwa saa nzima. Dada akamwita king'ang'anizi, kupe, mtoto wa kuokota. Marehemu akamjibu, "Yote hayo ni majina, dada. Bado salamu."

Halafu kulikuwa na mashuka. Shuka kubwa halikunjwi vizuri na mtu mmoja. Linaburutika chini, na likiburutika linarudi kwenye maji. Kwa hiyo kila aliyepita alikabidhiwa pembe mbili. Avute, asogee, akutanishe pembe, ashike mkunjo, asogee tena. Walikunja wakinuna, wakikunja nyuso kuliko mashuka, lakini walikunja. Mpwa wake, binti wa dada, aliyekulia chini ya meza ile ya pasi, alijifunza kukunja kabla ya kujifunza kusoma vizuri, na mpaka leo ndicho anachokijua zaidi.

Marehemu alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 5 Juni 1993, na fundi bomba aliyekuja kutengeneza bomba la uani. Alipopita koridoni alisalimia kabla hajaambiwa, na alipopewa pembe za shuka alizikutanisha sawasawa bila kufundishwa. "Huyu ananifaa," marehemu akasema, naye fundi akiwa bado ameshika shuka. Kwenye harusi kaka alikuwapo mpaka dada alipoingia, akaondoka. Dada akaona kiti chake bado kina joto, naye akaondoka. Picha ya harusi ina bwana, bibi na mpwa wa miaka kumi na mitatu aliyevaa viatu vya kuazima. Mume wake, mtu mpole, alifariki tarehe 30 Januari 2011. Hawakujaliwa mtoto.

Jumapili, tarehe 9 Agosti 1998, saa nane mchana, kulikuwa na mashuka arobaini. Kaka alitokea mbele na ndoo, akapewa pembe mbili. Dada akatokea nyuma na mkoba. Marehemu akasema, "Dada, nishikie hapa kidogo, pasi inaunguza," akamwekea pembe zake mkononi, akaenda kusimama mlangoni. Pasi ilikuwa haijawashwa.

Wakabaki wameshika, shuka jeupe katikati yao. Akiachia mmoja, linaanguka.

"Mwambie huyo avute," akasema dada.

"Mwambie huyo amezidi kuvuta. Ndiyo tabia yake."

"Na tabia ya huyo ni kutoshika. Angeshika zamu yake, mama angekuwa hai."

"Zamu ilikuwa yako!"

"Yako! Na unaijua!"

"Haikuwa ya mmoja," marehemu akasema. Hakupaza sauti. "Siku ile nilikuwa na mtihani wa mwisho. Siku moja kabla nilikwenda karakana, nikamwambia kaka akae na mama mpaka saa nane. Alikuwa anapiga randa mlango. Akasema sawa, sawa, wala hakuinua macho. Sikumwamini. Nikaenda dukani nikamwambia dada. Alikuwa anapima kitambaa. Akasema sawa, nimesikia, akaendelea kupima. Nyote wawili mliniitikia. Nikaenda kwenye mtihani nikijua mama ana watu wawili."

Kaka akauliza, "Mbona hukusema miaka yote hii?"

"Mlikuwa mnagombana nyinyi wawili. Mimi hamkuniuliza nilikuwa wapi."

Shuka halikuanguka. Kaka alitembea hatua zile nane za korido, akakutanisha pembe zake na za dada yake, na mikono yao ikagusana. Dada akasema, "Shikamoo, kaka." Marahaba iliyotoka haikuwa na sauti, lakini ilitoka.

Tangu siku hiyo milango ya vyumba vyote ilifunguka koridoni, na watu wa nyumba ile walikula pamoja. Hayo mnayajua, na mmekuwa mkiyasifu tangu asubuhi, mkisema jinsi kaka na dada walivyopatana. Walipatanishwa. Hawakupatana wenyewe. Na lisemwe pia kwamba hakuna aliyemwomba radhi. Mtihani ule alifaulu. Cheti chake kilikutwa juzi stoo, chini ya mashuka, ndani ya bahasha ambayo ni yeye peke yake aliyewahi kuifungua. Kamati ya mazishi iliomba aya hii ipunguzwe. Imepunguzwa, ilikuwa ndefu zaidi.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022. Mwanzoni alisema ni uchovu wa kusimama, na walioambiwa walifurahi kuamini. Mpwa wake aliona vifundo vya miguu vinavimba, akamwambia mama yake, akamwambia na mjomba wake, na mara hii alingoja mpaka kila mmoja ainue macho. Zamu za hospitali ziliandikwa, zikabandikwa ukutani koridoni.

Jumamosi, tarehe 12 Oktoba 2024, kaka na dada walifika wodini kwa pamoja, kila mmoja na chupa yake ya chai, wakaanza kugombana nje ya mlango. Kaka alisema leo ni zamu yangu. Dada alisema leo ni yangu, soma karatasi. Muuguzi alitaka kutoka awanyamazishe. Marehemu akamshika mkono mpwa wake, akasema, "Mwambie awaache. Zamani kila mmoja alisema ni zamu ya mwenzake." Alitabasamu. Alifariki saa tano na nusu asubuhi, na wale wawili walikuwa bado mlangoni.

Jumapili, kabla hata turubai halijafungwa, kaka aliingia koridoni na futi yake ya useremala, akapima urefu, akapima upana, akaandika kwenye kiganja. Dada alikuja na kufuli jipya, akalitia kwenye mlango wa stoo. Wamekutana humo, mmoja na futi na mwingine na ufunguo, na wamepishana bila salamu. Watoto wa mpwa walikuwa wamekaa kwenye ngazi, wakawaona. Mpwa aliwatazama wanawe wakitazama, na hiyo ndiyo sababu wasifu huu umeandikwa hivi ulivyoandikwa.

Marehemu aliacha karatasi, aliyoiandika kwa mkono wake tarehe 2 Septemba mbele ya muuguzi. Yeye hakusahau kitu. Meza ya pasi na pasi ni vya mpwa wake. Cheti ni cha yeyote atakayeuliza. Kuhusu korido ameandika: "Ni ya kupita. Isijengwe ukuta, isifungwe. Shuka langu la mwisho wakunje kaka na dada, wasikunje wengine."

Ameacha kaka mmoja, dada mmoja, mpwa mmoja, na wajukuu watatu wanaojua kusalimia.

Shuka hilo ndilo lililofunika jeneza. Sasa linatolewa. Kaka yake aje ashike pembe mbili. Dada yake aje ashike pembe mbili. Msomaji amefika mwisho wa karatasi, na atasimama hapa akingoja, hata jua likizama. Likishakunjwa, ndipo marehemu apumzike kwa amani.