Papa Édouard Kamate, Msomaji wa Picha za Taya (1953–2025)

Papa yetu Édouard Kamate alizaliwa Butembo tarehe 11 Juni 1953, mtoto wa nne wa wakulima wa viazi. Alisoma shule ya misheni huko huko, akapata diploma ya uuguzi mwaka 1975.

Mwaka 1980 alihamia Goma, akaajiriwa katika kliniki ya meno huko Birere. Hapo alijifunza kupiga na kusoma picha za eksirei za taya. Mwaka 1983 alifunga ndoa na Mama Angèle, aliyekuja kliniki kung'olewa jino. Mama husema hadi leo kwamba Papa aliitazama picha ile muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Mwaka 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipojaa kambi ya Mugunga, alihudumu katika hema, akiosha picha kwa mkono ndani ya ndoo. Siku moja tone la dawa liliangukia picha ya mama mmoja, Eugénie, likaacha doa jeusi. Papa akadhani ni uvimbe. Taya likapasuliwa bure, kumbe mfupa ulikuwa mzima. Alimwendea, akakiri, akaomba msamaha. Tangu hapo hakumhukumu mgonjwa kwa picha moja. Nami Masika, bintiye, ndivyo alivyonifundisha kazi: piga mbili; kivuli chenye ukingo safi kwa kawaida hakina haraka, bali chenye ukingo uliolika huenda ni saratani, usimcheleweshe mtu.

Januari 2025 taya lake mwenyewe lilivimba. Nilipiga picha mbili, zikafanana. Niliogopa, nikamwambia ni usaha wa jino tu. Wiki nzima nikampa vidonge. Jumapili tarehe 19, baada ya misa, aliniita.

"Masika, soma tena, kama iko ya mutu mwengine."

"Papa, kando yake imelika. Haiko usaha."

"Nilijua tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nangoya weye useme."

Tulipanga kumpeleka Kampala tarehe 28. Vita viliingia mjini kabla ya hapo, safari ikavunjika. Alifariki nyumbani tarehe 3 Machi, saa nne asubuhi, akiwa amepokea mpako wa wagonjwa.

Ameacha mjane, Mama Angèle, watoto watatu, Masika, Guylain na Charline, na wajukuu saba.

Wiki ile ingeweza kumvusha mpaka. Mama, wadogo zangu, sikuwa nimewaambia. Nawaomba msamaha mbele ya jeneza lake. Mungu ampokee Papa, ampe pumziko lisilo na maumivu.