Callistus Echodu na Fundi wa Treila ya Juu

Leo, Jumamosi tarehe 16 Juni 1979, tumekusanyika hapa Chakol kumzika Callistus Echodu Ikapel, ambaye wengi wenu mlimwita Boss wa lojingi ya Malaba. Mimi ni Titus Ekwaro, mdogo wake. Nimepewa kazi ya kuandika na kusoma maisha yake, na kusema kweli nilitafuta mtu wa kumsukumia, nikakosa.

Callistus alizaliwa papa hapa Chakol tarehe 3 Aprili 1936, kifungua mimba wa mzee Ikapel na mama Akurut. Mzee Ikapel alifariki mwaka 1948, na wazee wakamkabidhi mama kwa baba mdogo, kama ilivyo kwetu. Mimi nilizaliwa katika ndoa hiyo ya pili, kwa hiyo sina mdomo wa kuitukana mila iliyonileta duniani. Marehemu naye hakuitukana. Kwake, mtu akifa mdogo wake huingia, na ng'ombe hukamuliwa asubuhi kama kawaida.

Alisoma shule ya msingi hadi darasa la nane, mwaka 1953. Mwalimu wake alitusimulia juzi kwamba siku moja alitoa hesabu ya gari moshi liendalo Kampala bila kusimama, na Callistus akanyoosha mkono kuuliza dereva anakula wapi. Alichapwa. Akarudi kwenye dawati na kuuliza tena.

Mwaka 1955 alianza kazi ya utaniboi, kumsaidia dereva kwenye malori, kisha akawa dereva wa njia ya Mombasa. Tarehe 12 Agosti 1961 alifunga ndoa na Truphena, binti wa Nambale, na Mungu akawajalia watoto watatu. Mwaka 1968 aliuza ng'ombe, akaacha usukani, akafungua lojingi Malaba ili madereva waliokwama kwenye foleni ya mpakani wapate kitanda na chai. Truphena ndiye aliyeiendesha. Marehemu aliongea.

Mambo yalizidi aliponunua televisheni. Iliendeshwa kwa jenereta, na picha ilikuwa nusu watu nusu chenga. Mwaka 1974 kilikuja kipindi cha chombo kinachosafiri kati ya nyota. Jina lake la Kizungu lilitushinda, madereva wakakiita Treila ya Juu. Hakuna dereva aliyekiona chote, maana leo yuko Malaba, wiki ijayo yuko Nakuru. Kila mmoja alileta kipande alichokiona njiani, nacho kikaunganishwa mezani kwa Callistus. Mbona juzi treila ilikuwa na milango miwili na leo ni mitatu? Mbona nahodha ana kovu, kisha hana? Watu walibishana hadi karani wa forodha akaja kuwatafuta wenye malori.

Kisha fundi wa treila akafa. Tulimwona wenyewe kwenye televisheni akizikwa chini ya mawe katika nchi isiyo na mti hata mmoja, na mkewe akilia. Wiki chache baadaye fundi huyo akatokea tena, mzima, akila na mwanamke yule yule.

"Hiyo ni makosa ya stesheni," alisema Omoding, dereva rafiki yake. "Mtu amekufa amekufa."

"Omoding, wewe umezaliwa wapi?" Callistus alimjibu. "Huyo ni mdogo wake. Amerithi mama, amerithi spana. Hukuona hizo wiki zote hawakuonyesha kitu? Hiyo ilikuwa matanga."

Lojingi nzima ilipiga makofi, maana ilieleweka. Hata mlango wa tatu ulipata maelezo: mtu akirithi nyumba lazima aongeze chake. Truphena alikuwa akipitisha vikombe, akauliza, "Na huyo mama, nani alimuuliza?" Walicheka, wakaomba sukari. Tangu siku hiyo, kila mgeni aliyelala pale alifundishwa habari za mdogo wake fundi, na nimewahi kuzisikia zikisimuliwa Eldoret na mtu asiyemjua kaka yangu.

Mwaka 1975 kipindi kiliondolewa kabla treila haijafika ilikokuwa ikienda. Marehemu aliuliza kila dereva mwisho ulikuwaje. Hakuna aliyejua, na mpaka leo hakuna anayejua.

Novemba 1978 tumbo lilianza kumvimba. Tulimpeleka Busia, tukapelekwa Kisumu, tukarudishwa Busia. Daktari alitueleza kwa upole kwamba ini limeisha na akainamisha kichwa. Nilikaa kando ya kitanda kile nikimpepea nzi, kwa sababu hicho ndicho kitu pekee nilichoweza kumfanyia ndugu yangu.

Mwezi Mei Omoding alikuja kumtazama. Alileta machungwa, na alileta habari. Alikuwa amempakia mtu anayefanya kazi na mashine za picha, naye alimweleza kwamba filamu za vipindi huja kwenye mikebe, na mikebe ikichanganyika huonyeshwa hivyo hivyo.

"Kwa hivyo Boss, yule fundi tuliona mara ya pili ni yule yule, kabla hajakufa. Walituonyesha ya mwisho mbele."

"Hakuna mdogo wake?"

"Hakukuwa na mdogo."

Nilimkasirikia Omoding. Mgonjwa huachiwa imani yake ndogo, wewe unamletea mikebe?

"Basi yule mama alibaki mwenyewe," alisema Callistus. "Na treila ikaendelea kwenda." Kisha akamtazama Truphena, aliyeshika bakuli la uji. "Mama Asio, wewe uliuliza, na sisi tukacheka." Akanigeukia. "Titus, huyu asisukumwe. Kwako au kwa mwingine. Aulizwe."

Niliitikia. Alifariki Ijumaa tarehe 8 Juni, saa nne asubuhi, Truphena akiwa amemshika mkono.

Wazee wa ukoo wetu wako hapa, nami nawaheshimu. Juzi waliniambia karatasi hii itaje atakayeingia katika nyumba ya marehemu, na jina walilolitoa ni langu. Niliwaeleza aliyoyasema. Wakajibu kwamba mgonjwa huongea na homa, na kwamba mimi mwenyewe ni tunda la mila hiyo. Kweli tupu. Sijui jioni, tukishanyolewa nywele za matanga na kukaa chini, nitasema nini mbele yao.

Nilichoweza ni kwenda jikoni na kumuuliza mwenyewe niandike nini. Hakuacha kuchambua mchele. Alisema, "Wewe ni shemeji. Andika shemeji."

Marehemu ameacha mama yake, Akurut. Mke wake, Truphena. Na watoto wake, Asio, Phanuel na Jerusha. Ameacha pia mdogo wake, Titus Ekwaro, shemeji wa Truphena.

Callistus, kaka yangu, Mungu akupokee na akupe pumziko.