Miaka Thelathini na Mmoja ya Dkt. Bathsheba Machogu, Daktari wa Misuli

Tarehe 30 Septemba, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Dkt. Bathsheba Machogu anastaafu. Kamati ya sherehe ya kumuaga iliniomba niandike mambo ya kufurahisha. Nitajaribu, lakini nimekuwa muuguzi wake kwa miaka kumi na tisa, na mengine hayachekeshi.

Alikuja hospitalini kwetu mwaka 1994, daktari kijana wa Suneka, mcheshi, mwenye mwendo wa kasi hata akienda kula. Aliona wagonjwa ambao misuli yao ililegea mwaka hadi mwaka, na majina ya koo zilezile yakijirudia kwenye faili. Alipoomba kuyatafiti magonjwa haya ya kurithi, wakubwa wa wakati ule walimjibu kwamba hospitali ina malaria ya kushughulikia. Wakampa stoo ya magongo na alasiri moja kwa wiki. Alasiri moja!

Mwaka 2009 Nyanchera alimleta binti yake wa miaka kumi na miwili, aliyeshindwa kuinua mikono achane nywele. Wakwe wa Nyanchera huko Ekerenyo walikuwa wamemfukuza, akarudi kwao Birongo. Walidai ndiye aliyeleta laana. Ameniruhusu kumtaja. “Andika jina langu,” aliniambia. “Wao walilitaja vibaya bila kuniomba.”

Mtoto alisinzia kwenye benchi, macho nusu wazi. Daktari aliinama akayachunguza macho hayo, kisha akasema, “Sista, Jumapili twende Ekerenyo.”

Tulikwenda kwa boda boda, na Nyanchera pia. Daktari aliwakusanya wakwe uani, akawaomba wapige mluzi. Walidhani ni mzaha. Nyanchera aliupiga hadi mbwa wakaamka. Onyiego, mumewe, alitoa upepo mtupu. Baba mkwe, mzee Ogari, vilevile.

“Sisi hatujui mluzi tangu zamani, daktari,” mzee alisema. “Ndivyo tulivyo.”

“Ndivyo mlivyo,” daktari alijibu kwa hasira. “Ugonjwa huu hulegeza hata misuli ya uso, ndiyo maana midomo haipigi mluzi, nao umo katika damu ya nyumba hii. Hakuna aliyewaroga, wala si kosa kuwa nao. Kosa ni kumfukuza mtoto wa watu.”

Vipimo vya damu vilivyopelekwa ng'ambo vilirudi baada ya miezi kumi na minne, vikasema alilolisema yeye. Mzee Ogari alikwenda Birongo kuomba radhi. Nyanchera alimsamehe, akampa chakula, lakini hakurudi Ekerenyo. Leo ndiye anayetutangulia katika kila boma tunalochunguza. Familia thelathini na nane sasa zinajua ugonjwa wao unaitwaje na watoto wafanye mazoezi gani. Dawa ya kuponya haipo, na daktari hajawahi kumdanganya mtu juu ya hilo.

Sasa tunaambiwa kliniki itafungwa hadi apatikane mwingine. Mwingine yupo! Dkt. Brandon Obwocha, aliyefundishwa na Dkt. Machogu kwa miaka minne, anasubiri barua ya uteuzi tangu Machi. Nayaandika haya hapa kwa sababu wanaopaswa kuitia sahihi barua hiyo watakuwa wameketi safu ya mbele siku ya sherehe.

Daktari, asante. Mungu akujalie siku nyingi zenye afya, na migomba yako ya Suneka ikuone hata siku za kazi. Hasira yako tuachie sisi. Bado tuna kazi nayo.