Mbio za Ivan

Kwenye basi la kutoka kitongoji cha Tensta kwenda Spånga, huku ughaibuni, Mganda mmoja alimgeukia mama Mrundi aliyeketi kando yake, akasema kwa sauti iliyotufikia sote: “Mpwa wangu Ivan amesajiliwa na timu ya kulipwa ya mpira wa Kimarekani. Ni mlinzi. Ana mbio, ana kifua, atawamaliza.”

“Nimemwona akicheza na mwanangu,” mama akasema. “Humvamia yeyote anayetikisika, huku mpira ukipita kwingine.”

“Dada, kusoma mchezo atafundishwa. Mbio hazifundishwi.”

“Na asipofundishika?”

Basi likasimama. Mjomba akachomoka, akaukimbilia mlango wa mbele, ambao hapa ni wa kupandia tu, akawavaa waliokuwa wakiingia. Sisi wengine tulishukia mlango wa katikati. Nikajua Ivan kamrithi nani.