Tangu Magari Yote Yawe Zambarau

Benchi letu liko mkabala na duka la mikate. Kahawa tunauziwa na Mama Birika, ambaye hakopeshi wala hanuni. Spika ni fundi redio, na sauti yake mwenyewe haina kitufe cha kupunguza. Wakili anauza soksi. Sheria hajaisoma hata ukurasa mmoja, ila hajawahi kukubali kushindwa. Kitasa ni fundi kufuli, mtu wa maneno machache. Mimi nashona viatu, na nasikia mengi kuliko ninavyopenda. Asubuhi hiyo mafundi walikuwa wanamalizia kulipaka duka zambarau, na mistari ya rangi ya maziwa. Zamani kila tawi la kampuni ile lilijipaka rangi aliyoipenda meneja wake. Mtoto wa tajiri mwenye kampuni aliporithi, akasema basi: rangi ni hizi mbili tu, kuanzia ukuta mpaka mfuko wa mkate, kofia za wafanyakazi na magari yote.

Spika: Mimi nawaelewa kabisa. Rangi moja inakaa kichwani. Umeiona kwenye gari, umeiona kwenye mfuko, umeiona dukani, siku ya siku mate yanakutoka hata hujanusa mkate.

Wakili: Mate ni jambo dogo. Hii ni sare, bwana. Mwanafunzi si unamjua shule yake kwa sare? Mkate nao umepelekwa shule.

Mama Birika: Na utamu umeongezeka?

Wakili: Mama, usichanganye mada.

Spika: Ngojeni. Wana kadi ya rangi, nimeiona kwa macho yangu haya. Fundi anaibandika ukutani, ukuta ukizidi weupe kidogo tu, anarudia. Kwa nini wajisumbue hivyo? Kwa sababu macho yanakariri! Ukiichezea rangi, akili inasema hawa si wale, inagoma kununua.

Wakili: Hujafika popote. Mtaa mzima ukishakuwa zambarau, mtoto atakayezaliwa hapa ataona rangi nyingine zote ni makosa. Akikua ataenda hospitali, atapimwa damu, itatoka zambarau, na daktari atamwambia, nenda nyumbani, mzima wewe!

Tulicheka, na fundi aliyekuwa juu ya ngazi akacheka pia. Kitasa hakucheka. Alikuwa amekishika kikombe mpaka kahawa imepoa.

Mama Birika: Baba, kahawa yangu leo ina nini?

Kitasa: Haina kitu, mama. Nalingoja gari la kijani.

Spika: La kijani si wameshalipaka?

Kitasa: Najua.

Habari yenyewe haikuwa siri pale benchi. Kitasa na mkewe waligombana, wakatupiana maneno yasiyozoleka, mama wa watu, aliyekuwa akifanya kazi duka hilihili, akaomba uhamisho kwenda tawi la kilimani. Huko anafunga mikate kabla haijapakiwa. Gari la tawi hilo, lililoleta mikate hapa, lilikuwa kijani cha jani bichi, na kila lilipochomoza kwenye kona, Kitasa alifuta grisi mikononi, akavuka barabara. Alinunua mkate mmoja, akampa dereva salamu, akarudi na mkate wake ameukumbatia, na siku hiyo hata kufuli mbovu zilimtii. Sasa magari ya matawi yote ni zambarau, na madereva wenyewe wanabadilishwa kila kukicha. Hajui tena ni gari lipi la kuvukia barabara.

Wakili: Si umpigie shemeji simu?

Kitasa: Simu anapokea. Tunaongea mambo ya watoto, tunamaliza. Lakini mkate ule umepita mikononi mwake asubuhi hiyohiyo. Nikiushika najua ameamka salama. Nina hamu naye, jamani. Nina hamu naye mpaka naona aibu.

Mtu akisema hivyo mbele za watu huna pa kuyapeleka macho. Mimi nilijifanya natafuta uzi.

Spika: Basi tumpe fundi chochote, apake bampa ya nyuma kijani. Nani ataona?

Wakili: Kadi itaona. Dawa ni mahakama. Mume ana haki na rangi ya gari linalobeba mkate wa mkewe. Kesi hiyo naishinda asubuhi na mapema!

Wakati huo gari la zambarau likaegeshwa mbele ya duka. Wapakuzi wakaanza kushusha kreti, na dereva, binti mwenye kofia ya zambarau, akaja benchi.

— Shikamooni, wazee wangu. Mama, nipe kahawa moja.

Spika: Marahaba, binti. Gari lako la tawi gani?

— Leo nimepewa la kilimani. Nikishapakua narudi hukohuko.

Kitasa alisimama nusu, akakaa. Spika akamwaga habari yote, Wakili akimsahihisha kila mahali: gari la kijani, mikate, ugomvi. Binti akamgeukia Kitasa.

— Mama wa meza ya kufungia? Namjua sana.

Kitasa: Hajambo?

— Hajambo. Ila kila nikitoka huku ananiuliza kama mvua imenyesha huku kwenu. Nilidhani ana shamba.

Kitasa akainamisha kichwa. Binti akanywa kahawa yake, akalipa, akamtazama kwa huruma.

— Sasa baba, gari siku zote lilikuwa linakuja na kurudi, na kiti cha mbele kina nafasi. Kwa nini hukupanda?

Kitasa akatikisa kichwa. Binti akaaga kwa adabu, akaondoka na gari lake.

Ndipo Kitasa aliposimama. Aliacha sanduku lake la vifaa wazi, akakimbia kuelekea kwenye taa za barabarani, ambako magari yote ya kampuni hupita yakirudi matawini. Sisi tukasimama kumtazama. Taa ilikuwa nyekundu, na chini yake yalikuwa yamepangana magari matatu ya zambarau, mistari ya maziwa ileile, yote yametupa mgongo. Kitasa akasimama katikati ya barabara, akatugeukia.

— Ni lipi?

Tulikuwa wanne pale benchi, watu wenye majibu ya kila kitu. Hakuna aliyejua.